Mwendo wa Baba Yako

Tarehe 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua tu kinabana kwa baridi ya huku. Wewe je, vidole bado vinavimba asubuhi?

Nina neno, usinikasirikie. Shangazi amenipigia simu. Anasema kila Jumamosi mchana bado uko ukumbini na bendi, unampigia piano baba acheze dansi na yule yule mwanamke ambaye baba alikuacha kwa ajili yake. Miaka minne, mama! Huchoki? Huku nina chumba kitupu, kina dirisha kubwa. Achana na hiyo bendi, uje.

Kitindamimba wako


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Vidole havijambo, navichovya kwenye maji ya moto. Hicho kifua kipake mafuta, na usikae na nguo mbichi mwilini.

Shangazi yako ana mdomo, ila kasema kweli. Nampigia. Watu wanadhani naumia. Siumii. Wakipita mbele ya piano, yeye na Mama Shanga wake (ndivyo bendi tunavyomwita, kwa gauni lake lililojaa shanga), nawatazama kama watu waliopanga foleni posta. Nikirudi nyumbani nafua, nalala. Sisikii raha wala karaha.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Goti la kulia la baba yako liliharibika alipoanguka kutoka kwenye ngazi kazini, wewe ukiwa mdogo. Mama Shanga hajaambiwa. Mwanamume yule ana majivuno. Dansi la kasi, lile la kufungia, halimudu hata kidogo. Sasa, katika bendi yetu piano ndiyo huanza, na mpiga dramu anafuata kisigino changu. Basi tukifika hapo napunguza mwendo, kidogo tu, asije akaanguka. Nilianza tukiwa mume na mke, na alipoondoka sikuacha. Mkono umezoea. Mwenyewe wala hajui.

Mwezi ujao kuna mashindano. Waamuzi watakuja na saa ya kupimia mwendo. Kiongozi wa bendi ametuonya: tukichelewesha wimbo hata mmoja, wataweka muziki wa kurekodiwa, na sisi sote saba kwaheri. Sijui nitafanyaje, na cha ajabu hata hofu sina.

Mama yako


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kifua kimeachia, ahsante. Barua yako niliisomea kazini, msimamizi akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikasema hapana, halafu nikawaza labda upo.

Unasema husikii kitu. Hilo linanitisha kuliko baba na goti lake. Mama, yule si mtoto. Piga mwendo unaotakiwa. Wenzako sita wanakutegemea wewe. Akishindwa, ashindwe kwa miguu yake mwenyewe.

Nijibu haraka.

Kitindamimba wako


Tarehe 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Unaumwa? Mwezi mzima kimya, na mashindano yamepita. Andika hata mstari mmoja tu, nijue uko hai.

Mwanao


Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Siumwi.

Nilipiga mwendo unaotakiwa. Waamuzi walitazama saa yao wakaridhika. Baba yako alizunguka kona ya kwanza, ya pili, ya tatu goti likakataa. Hakuanguka. Alisimama tu katikati ya ukumbi, amemshika Mama Shanga kiuno, wengine wanawapita huku na huku. Mimi nikaendelea, bendi haimsimamii mtu. Nilingoja nifurahi. Wapi! Nikangoja nimwonee huruma. Wapi! Vidole vilifanya kazi yao, basi. Bendi imebaki, wenzangu wakanimwagia sifa, nikazipokea kama risiti. Ndiyo maana sikukuandikia. Sikuwa na la kuandika.

Juzi, saa nne asubuhi, akagonga mlango. Mara ya kwanza tangu aondoke. Nikamkaribisha kiti, akakataa, maana akikaa kuinuka ni kazi. Akasema, "Jumamosi nipunguzie tena, kama siku zote."

Nikamwuliza, "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Goti si langu?"

"Na mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesema, ungeacha."

Mwanangu, nilikasirika! Nilikasirika mpaka meno yakagongana. Siku aliyofunga sanduku lake sikukasirika hivyo. Miaka yote namfichia mtu siri, nikidhani ni wema wangu wa kimya kimya, kumbe mwenyewe kaukalia kitako! Nikamwambia toka. Nikapiga kelele, mimi ambaye hata nyinyi watoto sikuwahi kuwapigia kelele, mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Baba yako akateremka ngazi moja moja, ameshika ukuta, nami namsema tu mpaka alipofika chini. Nikafunga mlango, nikalia. Nililia mpaka njaa ikaniuma, nikapika, nikala sahani mbili.

Kwa hiyo siji. Hicho chumba mpangishe mtu. Jumamosi tuna dansi, na hasira niliyo nayo inanitosha kupigia piano mwaka mzima.

Mama yako