Mwenye Soksi Hii

Mwanangu Fundi,

Salamu zikukute wewe, mkwe wangu, na yule mume wangu mdogo mwenye meno mawili. Mnaendeleaje? Mgongo wa mkwe wangu umepoa? Mimi nipo, nakula, nagombana na jirani, kwa hiyo hali yangu si mbaya kama ulivyoogopa. Kalamu sijawahi kuishika, unajua. Nimemwambia anayeniandikia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Ni nani, nitakwambia mwishoni. Simu sikuitaka, maana kwenye simu unanikatiza kabla sijameza mate. Barua haikatizwi. Isome mara mbili, ya pili umsomee mkeo, kabla hujaenda kazini. Humu mna jambo la mtoto.

Wiki iliyopita ulimpigia simu muuguzi wa zahanati yetu, yule ninayemwita Kufuli. Nilikuwa nimekaa mbele yake, na sauti yako ikatoka kwenye simu mpaka kwa wagonjwa wa nje. Ulimuuliza mama yako anaumwa nini, kwa sababu nilipokwambia ni kikohozi cha vumbi tu hukuniamini. Akakujibu umuulize mama mwenyewe. Ukamwambia hana adabu, na kwamba utakuja umfungue huo mdomo kwa bisibisi. Mwanangu, nilicheka, halafu nikaona haya. Mdomo ule niliufunga mimi.

Siku ya majibu nilimuuliza nani mwingine atajua. Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Watajua wanaonitibu. Tena ugonjwa wenyewe unaambukiza, kwa hiyo sheria inamtaka autolee taarifa ofisi ya afya, na waliolala chumba kimoja nami waitwe wapimwe. Wengine wote, hata niliyemzaa, hawataambiwa mpaka mimi nikubali. Nikasema sikubali. Nikabonyeza dole gumba kwenye karatasi yake kwa nguvu mpaka wino ukamrukia shati. Kesho yake jirani yangu mshona nguo akaenda kumchimba, akijifanya dada yangu. Kufuli akamwambia dada wa mgonjwa anakaribishwa benchini, lakini hata akikaa mpaka jioni hatasikia kitu. Alirudi amefura kama chura.

Sasa kaa chini. Ni kifua kikuu. Dawa nimeanza, hii ni wiki ya tatu, nazimeza kila asubuhi mbele ya macho ya Kufuli. Ni miezi sita, na nitapona. Sifi. Kuna watu wengi bado sijawasema.

Linalonichoma ni jingine, na hili nakuungamia. Kufuli aliniuliza nani amelala chumbani kwangu. Nikamtazama usoni nikasema nalala mimi na panya. Mwanangu, mlikuwa mmeondoka kwangu wiki moja tu! Nilijua nikiwataja mtaitwa, mkeo atajua, na mtoto sitapewa tena. Kwa tamaa ya kumpakata, nikamwacha kwenye hatari. Nimelitafutia jambo hilo jina zuri, sikulipata.

Juzi Kufuli alikuwa anawaeleza wote tulioko benchini kwamba ugonjwa huu huwaonea zaidi watoto wachanga. Nikarudi nyumbani nikatandua kitanda, sijui hata natafuta nini. Chini ya mto nikakuta soksi yake, ile ya njano. Jana nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Kufuli. Nikaiweka soksi mezani, nikamwambia mwenye soksi hii alilala kifuani kwangu siku ishirini na moja. Hakunifokea. Heri angenifokea. Alivuta simu hapo hapo akawapigia watu wa afya wa huko kwenu.

Barua hii inakuja na basi la leo, utaipata kesho asubuhi. Jioni yake mtu wa afya atabisha hodi. Jina langu hatalitaja, hana ruhusa. Atasema tu mmekaa karibu na mgonjwa. Usimtolee bisibisi. Mfungulie. Mpimwe wote watatu, mtoto kwanza, hata kama hakohoi, na dawa wakimpa azimalize. Jina nimekutajia mimi, kwa kuwa ni langu, na sikutaka ulipate kwa kubahatisha. Mkeo akinikasirikia ana haki. Akininyima mtoto, nitangoja. Kungoja najua, nilikungoja wewe miezi tisa na siku kumi.

Anayeandika ni Kufuli. Hakushika kalamu mpaka nilipobonyeza dole gumba upya, kwamba naruhusu ujue. Matusi yako ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe, hakuruka hata bisibisi. Basi ukija kuniona, njoo nayo. Kitasa cha chumba chake cha dawa kimelegea, na wewe ndiye utakayekikaza.

Nisalimie mkwe wangu, umpe pole ya moyo. Mume wangu mdogo mwambie soksi nimeifua, iko juani.

Ni mimi mama yako, na dole gumba langu hili hapa chini.