Kabla Hujalichukua Panga la Baba

Bangalore, India

Kaka yangu mpendwa Kioko,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mdogo wako. Afya yangu ni njema, isipokuwa jino moja la mbele ambalo halipo tena. Habari yake inafuata. Je, Baba anaendeleaje? Taya linaunga? Mwaitu, mama yetu, anapata hata lepe la usingizi? Nimemwomba dada yetu Mumbua akusomee barua hii kwa sauti, kwa kuwa wewe ukiona ukurasa mrefu humkumbuka ng'ombe ambaye hajafungwa. Mumbua, tafadhali usiruke sentensi, wala usipunguze ukali.

Niliusikia ujumbe wako wa sauti. Ulisema: "Huyu jirani Muli aling'oa makonge ya mpaka, akamvunja Baba taya kwa jembe, Mwaitu akiona. Sasa wazee wa ukoo wanaita kikao. Kikao cha nini? Wewe kaa huko na kompyuta zako. Jumamosi Muli akishuka soko Kathiani, panga la Baba litamngoja njiani." Nyuma ya maneno yako nilisikia tupa ikipita kwenye chuma. Sauti hiyo haijanitoka masikioni.

Uliwahi kuniuliza mbele ya wageni kazi yangu ni ipi hasa, nikajibu kwa maneno makubwa, mkacheka. Leo nitaieleza ipasavyo. Kampuni yetu ina programu inayojiendesha, tunayoiita wakala. Hupewa ghala la msimbo, yaani maandishi yote yanayoendesha mitambo ya mteja, ili ayachunguze na kutafuta makosa. Hana mikono, hupewa vifaa vya kusoma, vya kutafuta na vya kufuta. Mimi ndiye ninayeandika maelezo ya kila kifaa, naye hajui lolote juu ya kifaa hicho ila niliyoyaandika.

Kwa kifaa kimoja niliandika: "Husafisha kazi zilizoachwa." Niliiona ni sentensi fupi yenye adabu, na kiongozi wetu aliisifu mkutanoni. Haikusema kwamba kusafisha huku ni kufuta kabisa. Haikusema kwamba mwenye kazi aulizwe kwanza. Dinesh, jirani yangu wa meza, alikuwa amekwenda kuoa. Wakala akaona kazi yake haijaguswa kwa majuma kadhaa, akahesabu kuwa imeachwa, akaisafisha. Ilikuwa nakala pekee.

Dinesh alirudi, hina ya harusi ingali viganjani. "Nani aliandika hii?" Nikasimama, nikaanza kufafanua kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa chuo kikuu. "Endelea, profesa," akasema, kisha akanipiga ngumi ya mdomo. Nilimeza nusu ya jino. Kaka, sikuwaza. Chupa yangu ya chai, ile ya chuma uliyonipa nilipoondoka, ilikuwa mkononi. Nikampiga nayo juu ya jicho, na alipoinama nikampiga tena. Ngozi ilifunguka, mfupa ukaonekana mweupe. Damu ilitiririka kwenye kibodi, ikajaa kati ya herufi. Wenzangu walinibana ukutani, nami nilikuwa bado nataka kumpiga. Hilo ndilo linalonitisha: kwamba nilikuwa bado nataka.

Na kazi iliyofutwa haikurudi hata mstari mmoja. Dinesh ameshonwa; jicho lile huenda lisione vizuri tena. Bibi arusi wake alinitazama hospitalini bila kunitukana, na ningependelea matusi. Mimi nimesimamishwa kazi, nangoja uamuzi.

Kanuni mpya imewekwa pale ofisini: maelezo ya kifaa kinachoharibu yaanze na pale kisipopaswa kutumika. Basi nimekuandikia haya kwa kanuni hiyo:

"Panga la Baba. Halitumiwi juu ya mtu. Linachokata mwilini hakirudishwi, si na wazee, si na mahakama, si na majuto. Hufaa kwa nyasi, kuni na makonge yaliyozeeka. Kwa jambo lolote lisilotajwa hapa, aulizwe mwenyewe kwanza."

Makonge hupandwa tena, kaka. Muli akae mbele ya wazee, na jembe lake liwekwe hapo katikati, kila mtu alione.

Nisalimie Mwaitu, umwambie nakula vizuri kwa upande wa kushoto. Msalimie mkeo, mtoto anayemngoja asizaliwe baba yake akiwa rumande. Shangazi Nduku, kiongozi wetu wa kwaya, apunguze kulia, aongeze maombi.

Tena, mwenye panga yu hai. Najua taya lake limefungwa, hawezi kusema, lakini mikono yake ni mizima. Kabla ya Jumamosi ingia chumbani mwake, keti kitandani, umweleze unachokusudia, kisha umpe panga alishike. Mumbua, wewe toka, uwafungie mlango.

Akikurudishia, sitasema neno jingine.

Mdogo wako anayetaka ubaki huru,

Mutuku