Prosesa ya Nne Haikubali Kulala

Alhamisi, Iyunga. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na nina hasira.

"Kompyuta zenu haziamki kwa sababu ya sola mbovu za vijijini. Kerneli haina kosa." Hivyo alinijibu jana mmoja wa watunzaji wa kerneli, ule moyo wa mfumo endeshi, akaifunga ripoti yangu bila kujaribu chochote.

Uongo. Mashine iko mezani kwangu, imechomekwa kwenye umeme wa gridi, na bado inagoma.

Imetoka zahanati moja upande wa Idodi. Kule betri moja ya sola inabeba kompyuta na taa ya chumba cha kujifungulia. Kompyuta isipotumika inapaswa kulala. Hii inazima skrini na haiamki tena, lakini ndani inaendelea kuunguruma na kuinyonya betri hadi tone la mwisho.

Jumanne alfajiri Sista Sekela, muuguzi wa pale, alizalisha akiwa ameng'ata simu yenye tochi.

"Kaka fundi," alinipigia, "mashine yako inalala jicho moja kama mlinzi. Meno yangu si ya kushikia tochi kila mama akija!"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Fundi wa Iringa aliyenitangulia alikuwa ameifunga itumie prosesa moja tu, yaani ubongo mmoja, kati ya nne zilizomo. Nilimwita mwoga mbele ya watu, nikazifungua zote.

Leo nimepima hatua kwa hatua. Kusimamisha programu: mara kumi, inarudi. Kulaza vifaa: mara kumi, inarudi. Kuzima prosesa: inaganda. Nikazizima kwa mkono, moja moja. Ya kwanza haizimwi, ndiyo inayobaki kazini. Ya pili sawa. Ya tatu sawa. Ya nne, kimya cha kaburi, kila mara.

Nikampigia yule fundi kumwomba radhi.

"Kamwene, mzee," akanisalimu Kihehe. "Mbona niliandika nyuma ya mashine? Hukuigeuza?"

Nimeigeuza sasa hivi. Kalamu nene: USIFUNGUE ZOTE, HAIAMKI.

Sikusoma.

Kesho nairudisha kwa Sista Sekela, ikitumia prosesa moja, mpaka kosa la kerneli lirekebishwe. Lakini ninyi watunzaji mliofunga ripoti yangu, mimi nimekwisha kukiri langu. Ifungueni tena leo. Zimeni prosesa ya nne kwenye mashine kama hii, kwa umeme wenu huo mzuri, kisha mniandikie mlichokiona.