Kikaratasi Juu ya Jina la Rais

Jumapili, 6 Mei 2018
Hapa ugenini, Pasta Ignace amemwombea tena rais wa kwetu Burundi — kwa jina! Wanne wametoka nje. Claude, kiongozi wa kwaya, alipoteza kaka yake kwenye vurugu za 2015, rais huyo alipong'ang'ania muhula wa tatu. Kanisubiri mlangoni: jina hilo likitajwa tena, yeye na kwaya yake hawakanyagi hapa. Eish. Bila kwaya sisi ni watu kumi na viti.

Jumanne, 8 Mei
Darasa la wasomaji wa kanisa, sisi waumini tunaojifunza kuongoza sala. Pasta kafundisha historia: makasisi wa Kianglikana Marekani, makoloni yalipomwasi mfalme wa Uingereza. Walikuwa wamekula kiapo cha kumtii mfalme, na kitabu cha sala kiliwataka wamwombee kila ibada. Waasi wakasema anayemwombea ni adui. Wengine walilifuta jina kwa kalamu. Wengine walifunga kanisa kabisa kuliko kulifuta!

Nimebaki mdomo wazi. Kwa mfalme aliye ng'ambo, asiyewajua hata kwa sura! Nikamuuliza Pasta, hiyo ni imani au ukaidi? Kacheka kidogo. Kafunga kitabu.

Alhamisi, 10 Mei
Pasta kaniletea kitabu chake cha sala nikishone mgongo. Anayeshona kanzu hushona na kitabu, kasema. Nimeshona — na nimefanya ujanja. Kikaratasi cheupe, mishono minne, juu ya jina la rais alilolijaza kwa kalamu. Ataliruka tu, kwaya itabaki, na Pasta hatakuwa amelifuta yeye. Najisifu.

Jumapili, 13 Mei
Najuta!

Kafika kwenye kikaratasi. Kakigusa kwa kidole. Kisha kalitaja jina lote kwa kichwa, macho kayafumba. Kwaya nzima ikaondoka na Claude wao.

Hakunigombeza. Kanirudishia kitabu. "Fumua taratibu, Mama Belyse. Usichane."

Nimefumua. Ndani kabisa, karibu na mshono, chini ya jina la rais, kuna maandishi ya penseli niliyoyapita kwa haraka zangu: *Joël, Desemba 2015*. Mwanawe! Sote tuliambiwa yuko Kampala, anasoma; kumbe naye aliuawa. Miaka miwili na nusu amemwombea rais na jina la mtoto wake liko pale pale, na sisi tunanung'unika. Nimeiweka sindano chini.

Nikampigia Pasta simu. Kasema: "Nikiacha kumwombea yule, nitamwombea Joël kwa mdomo gani?"

Sijawahi kukaa karibu na mtu wa namna hii. Namwogopa. Nampenda.

Jumapili, 20 Mei
Pentekoste. Pasta hana sauti, baridi imemkamata koo. Sala naongoza mimi! Naandika haya vestri, chumba cha kuvalia kanzu, nikisubiri kengele.

Kwaya haipo. Claude yupo — peke yake, kiti cha mwisho, karibu na mlango. Nimemfuata. Siri ya Pasta sikuitoa. Nimeuliza tu kaka yake aliitwa nani.

"Léonce," kasema. "Hapa hajawahi kuniuliza mtu."

Nimeliandika Léonce kwa penseli, chini ya Joël. Claude hajui kwamba jina la rais liko juu yao. Pasta nimemwonyesha, kaitikia kwa kichwa: yote matatu nitayasoma, kwa mpangilio huo huo.

Kengele. Pasta ananifungulia mlango, na Claude bado amekaa —