Sebule ya babu yake Yoramu

Mwantum, acha unachofanya. Yoramu kaumbuka leo mbele ya wakwe!

Si unajua mjomba wa mchumba wake, Loisi, alikuwa aende na Loisi kwao Yoramu Msalato kumkagua kabla ya kukubali posa? Basi Yoramu akamsimamisha mbele ya ule mchoro wa tembe la babu yake, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa. Mchoraji aliuchora kwa kusimuliwa na bibi yake, Bibi Penina, maana nyumba yenyewe ilibomoka kabla Yoramu hajazaliwa. Lakini anavyoielezea, utadhani kakulia humo.

"Huyu juu ya paa ni mlinzi wa babu."

Bibi, taratibu: "Ni mimi. Naanika mtama."

Mwenye akili angeishia hapo. Yeye akakohoa, akaonyesha chumba chenye mlango mfupi. "Hapa babu alipokea wageni wakubwa. Mlango aliufanya mfupi ili wainame kwa heshima."

WAINAME KWA HESHIMA, Mwantum!

Bibi akamtazama. "Mjukuu wangu, hao wageni walikuwa na mikia? Hapo walilala ndama."

Loisi kakimbilia jikoni, kanga mdomoni. Yoramu jasho linamtoka, anaiona posa inaota mbawa.

Mjomba akacheka mpaka machozi. "Mimi nimekulia kwenye tembe. Chumba cha ndama nilikijua tangu naingia, nikasema ngoja nione huyu atafika wapi."

Kisha akamgeukia bibi: "Mama, posa tumeikubali. Ila mahari nitaongea na wewe. Huyu atanihesabia mpaka ng'ombe wa kwenye mchoro."