Dua ya Mzee Miwani

Kwa mama yangu, Pangani,

Shikamoo, mama. Miguu yako naishika kwa mkono huu wenye wino. Kifua chaendeleaje? Na yule jogoo mkorofi, yu hai bado au mmeshamla? Mimi ni mzima, na wallahi Kisauni nzima hakuna mpishi anishindaye. Mtu niliyeiona Bombay, ijapokuwa toka melini!

Lakini, mama, tajiri wangu amekufa. Yule Myahudi wa Kijerumani aliyekimbia kwao kabla ya vita, tuliyemwita Mzee Miwani. Vita vilipokwisha akaletewa habari: dada zake na watoto wao wameuawa wote. Tangu hapo akawa akiniuliza, "Omari, nikifa, nani atanisomea dua ya kwetu?"

"Mimi hapa, Bwana! Nimefika darasa la nne."

Akacheka kidogo, akarudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta neno moja la kale, la mababu wa Wajerumani na Waingereza, maana yake kubeba. Hakuna aliye hai aliyepata kulisikia, wala halikuandikwa popote. Alilitambua kwa wajukuu wake walio katika lugha za leo, kama ulivyoitambua pua ya marehemu baba usoni mwa mwanangu. Alisema hata katika lugha ya Banyani wa dukani yumo mjukuu wa neno hilo. Basi kila jioni barazani, nami namenya muhogo, tuliimba pamoja: bero, nabeba, beridi, abeba, bar, alibeba, berun, walibeba. Majirani wakipita hunyamaza kwa adabu.

Siku moja nikamwuliza, "Bwana, si neno la mababu wa hao hao waliowaua nduguzo?"

"Neno halikuua mtu, Omari."

Alhamisi homa ikamchukua. Mayahudi wenziwe wako Nairobi, na maiti haingoji garimoshi. Tukambeba sisi, wapagazi na wauza samaki. Kaburini hakuna aijuaye dua ya kwao, kila mtu atazama miguu yake. Mzee Saidi, muuza maji, akanisukuma.

"We ndiwe uijuaye dua ya kwao, kila jioni mwaisoma. Soma basi! Au wataka azikwe kama paka?"

Ningesema nini, mama? Nikainua mikono, nikaisoma yote, bero mpaka berun. Wote wakaitika, "Amina."

Usimwambie mtu. Ila ukimsomea baba Yasini, mtaje na yeye. Jina lake la kweli halikai ulimini mwangu. Sema Mzee Miwani, Mungu amjua.

Nisalimie shangazi mkali, mke wangu mvumilivu, na mwanangu mwenye pua ya babu.

Mwanao,
Omari, imamu wa neno moja