Mpira Ulioingia Migombani

Jumapili, jioni. Ukungu ulikaa Bugene mpaka watu wakatoka kanisani, halafu jua likawaka kwa hasira. Sasa kumepoa. Nimekaa barazani, miguu imenichoka, na kichwa changu kimetulia kuliko inavyopaswa.

Wachache mnaopita hapa mmekuwa mkiniuliza mbona niko kimya. Blogu hii niliianzisha kwa ajili ya kuchekesha tu: mwanamke muuza vitenge wa Kayanga anayecheza gofu kwenye malisho ya ng'ombe. Nilizoea kuwaandikia mashimo ya wikiendi, lipi limenitesa na lipi limenipa raha. Kisha nikaacha. Leo nimecheza tena, kwa hiyo naandika.

Ila kwanza niseme kilichonifanya niache, maana bila hicho mashimo ya leo hayataeleweka.

Nilikuwa mjamzito. Mtoto aliacha kucheza tumboni wakati tumeshaanza kununua nguo zake. Nilipasuliwa, nikalala usingizi wa dawa, na nilipoamka kila kitu kilikuwa kimeshakwisha. Alikuwa msichana. Mume wangu Deo na mama yake walimchukua wakaenda kumzika Ihembe, nyumbani kwao, mimi nikiwa bado kitandani. Sikumwona uso. Sikuambiwa amelazwa wapi.

Niliuliza mara moja tu, palepale hospitalini. Mama mkwe akanivutia shuka mpaka kidevuni akasema, "Hayo tumeshayamaliza, mkamwana. Wewe lala." Kwao mama wa mtoto ambaye hakulia haonyeshwi kaburi. Wanaamini akiliona, tumbo litagoma kubeba mwingine. Deo ni mtu aliyesoma, anatibu ng'ombe kwa sindano na vipimo, lakini kwa hili alimtii mama yake. Na mimi sikuuliza tena. Nilijua nikimbana atalazimika kuchagua kati yangu na mama yake, na sikuwa na nguvu ya kukaa nikimtazama anachagua.

Msiba ukitokea kule Ihembe, jembe linalala. Hakuna anayelima mpaka marehemu apumzishwe, hata kama mvua imeshanyesha na mbegu iko mkononi. Deo aliwahi kuponyokwa na neno kwamba siku ile majirani walikuwa wanapalilia. Hawakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna msiba.

Tangu hapo sisikii kitu. Si huzuni. Huzuni naijua, nilimzika baba yangu kule Muleba nikalia mpaka sauti ikakauka. Hii ni ganzi, kama mdomo baada ya kung'olewa jino. Nauza, narudisha chenji, nacheka wateja wakinitania. Usiku nalala vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Kitu kimoja tu ndicho nilichobaki nakitaka. Kujua alipo.

Basi leo baada ya ibada Deo akasema, "Edina, twende tukapige." Alikuwa anafuta pikipiki ambayo haikuwa na vumbi. Nikavaa raba zangu, nikabeba mfuko wa fimbo mgongoni, nikapanda nyuma yake kama zamani. Njia nzima hatukusema neno. Mtu akituona angedhani tumegombana, kumbe sisi hatugombani siku hizi. Tungegombana ningefurahi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Deo alijifunza gofu Arusha, alipokuwa anakata nyasi kwenye uwanja wa watu wenye nafasi ili ajilipie chuo. Alirudi na fimbo za kuokoteza, akaiendea rweya ya marehemu baba yake kule Ihembe, ile nyika ya majani iliyo nje ya migomba, akafukia makopo sita ya maziwa ya unga. Ndiyo mashimo yetu. Bendera ni vipande vya vitenge vilivyonidodea dukani. Nyasi zinakatwa na ng'ombe, na kwa sababu hiyo sheria yetu ya kwanza inasema mpira ukitua kwenye kinyesi unausogeza bila adhabu.

Sheria ya pili inasema mpira hauachwi. Mipira ya gofu huku hakuna pa kuinunua, kwa hiyo ukipotea mmoja mnatafuta mpaka upatikane. Tumeshatafuta kwenye mvua. Tumeshamsimamisha jirani asichome majani yake mpaka Deo apekue rundo lote. Huwa anatembea amekunja mgongo, ananung'unika Kinyambo chini kwa chini, na usimwambie habari ya kwenda nyumbani.

Shimo la kwanza tunaliita Kichuguu, kwa sababu kipo kichuguu kikubwa katikati ya njia. Mliosoma maandishi ya zamani mnajua kilivyoninyanyasa. Mpira ulikuwa unakigonga na kunirudia miguuni, na Deo alisema mchwa wa mle wananifahamu kwa jina. Leo nimekiruka kwa pigo la kwanza. Juu kabisa, safi, mpira ukaenda kutua karibu na kopo. Deo akapiga mluzi. Mimi nikaokota kijiti changu cha kuwekea mpira nikaanza kutembea.

La pili ndilo nililopaswa kuliandikia shairi. Ni shimo la bondeni, unapiga kutoka juu na kopo hulioni vizuri, unaona kitambaa tu. Nilipiga bila kufikiria. Mpira ukatua, ukadunda, ukatambaa kwenye kinjia cha ng'ombe, kisha tukausikia unagonga bati. Uliingia! Pigo moja. Watu wanacheza gofu mpaka wanazeeka hawajapata hilo.

Deo alitupa fimbo yake akapiga magoti kwenye nyasi, mikono juu, akipiga kelele mpaka ndama wakakimbia. Kisha akanigeukia. Akaniona nilivyosimama. Akashusha mikono polepole, akajipangusa magoti.

Nilishuka bondeni nikautoa mpira kwenye kopo kama mtu anayeokota nyanya iliyoanguka sokoni. Nikauweka mfukoni. Nilijaribu kufurahi, jamani, nilijaribu kweli. Nilisema hata kwa sauti, "Nimeingiza." Hakuna kilichotikisika ndani yangu.

La tatu linapita mbele ya jiko la mama mkwe na linaitwa Kwa Mama. Huwezi kulicheza bila kusimama kusalimia. Alitoka anakausha mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkamwana. Umepungua." Hakungoja jibu. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya ndizi na maharage, akanishikisha. "Kula kwanza. Hivyo vijiti havikimbii."

Nilikula nimesimama, fimbo imeegemea begani. Alinitazama kila tonge. Macho yake yalishuka kwenye tumbo langu, yakaondoka haraka, akauliza habari za duka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia siku nitakayomwona. Nilikuwa hata na maneno. Leo nilimtazama, mama wa watu na kilemba chake cha Jumapili, na hata hiyo chuki haikuja.

La nne silikumbuki.

La tano linaitwa Migombani. Ni refu kuliko yote, linafuata ukingo wa kibanja, shamba la nyumbani, migomba mkono wa kulia mwanzo mpaka mwisho, mibuni imesimama katikati yake. Tulipofika Deo hakuchomeka kijiti. Alisimama anatazama upande wa pili.

"Hili tuliruke," akasema. "Jua kali."

Jua lilikuwa limeshaingia kwenye wingu. Nikamwambia tucheze, sijaja mpaka huku kuruka mashimo. Hakubisha. Alipiga yeye kwanza, akaupeleka kushoto kabisa, mbali na migomba, karibu na kwa jirani. Deo huwa anapiga mpira unanyooka kama kamba ya fundi. Nikaona ni uchovu.

Nikapiga mimi. Ulianza vizuri, kisha ukapinda kulia, ukapinda zaidi, ukaingia kibanjani. Tulisikia unachana jani, halafu basi.

Nikasubiri akunje mgongo.

"Acha," akasema. "Huo umepotea."

Nilimtazama. Mpira ulikuwa umeangukia pale, tungeweza kupanyooshea kidole wote wawili. Na Deo wangu, aliyewahi kutia mkono mzima kwenye tundu la panya kwa ajili ya mpira uliopasuka, alikuwa anasema acha. Hakuwa anatazama migomba. Alikuwa anatazama viatu vyangu, kuona vitaelekea wapi.

Nikajua.

"Edina," akasema. "Edina, tafadhali."

Niliweka fimbo chini nikaingia.

Ndani ya kibanja kuna baridi yake. Majani makavu yametandazwa kila mahali ili udongo usikauke, unatembea kama unakanyaga godoro. Sikujua natafuta nini. Nilizunguka mgomba mmoja, na mwingine, na nyuma ya mbuni mzee nikaona sehemu ndogo ambayo haikufanana na kwingine. Kote majani yalikuwa ya kahawia. Pale yalikuwa ya kijani, yamepangwa kwa mkono, vichwa upande mmoja, na mawe madogo yamewekwa pembeni ili yasipeperuke.

Ni padogo. Sikutegemea pangekuwa padogo kiasi kile.

Nilikaa chini. Deo alikuja akasimama nyuma yangu, kisha na yeye akakaa. Akaanza kusema mama alisema, mama aliogopa, nikamwambia najua mama alisema nini. Kisha akalia. Sijawahi kumwona analia, hata siku ya msiba wa baba yake alijikaza. Alilia kwa sauti ya mtu anayekohoa, uso ameuficha kwenye kofia. Nikamshika shingo kwa nyuma, na shingo ilikuwa ya moto.

Mimi sikulia. Nawaambia ukweli, maana kudanganya humu hakunisaidii. Nilikaa pale macho makavu, nikangoja kitu kinipasukie kifuani, hakikupasuka.

Ila nilikuwa na swali, na lilitoka lenyewe. "Alifanana na nani?"

Deo alifikiri kwanza, hakunijibu ili kunipoza. "Paji la uso la kwako," akasema. "Na hapa." Akagusa kidevu changu.

Baadaye nikauliza kwa nini majani ni mabichi. Nilidhani atasema ni yeye, kwamba zile Jumamosi anazotoka kwenda kuchanja ng'ombe huwa anapita hapa.

"Mama," akasema. "Anayabadilisha yakianza kukauka. Hajui kama nimemwona."

Hilo sikulitegemea. Mama mkwe, aliyenifunika shuka akaniambia yamekwisha. Kumbe kwake yeye hayajakwisha. Anakwenda rweya peke yake, anakata majani, anayabeba kichwani, anampangia mjukuu wake, kisha anarudi jikoni anapika kama hakuna kitu.

Shimo la sita hatukucheza. Mpira hatukuutafuta.

Tulirudi kwa njia ya jikoni kwa sababu hakuna njia nyingine. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya ndizi. Aliinua macho, akamwona Deo na macho yake mekundu, akaniona mimi na sketi yangu iliyojaa majani makavu. Kisu kikasimama. Niliona ameelewa. Nilisubiri anigombeze, au amgombeze mwanawe. Deo alishika mfuko wa fimbo kwa mikono miwili kama mtoto aliyevunja chungu.

Mama aliweka kisu chini. Akainuka kwa shida ya magoti yake, akaja mpaka nilipo, akaanza kuniondolea majani kwenye sketi, moja moja. Alipofika kwenye pindo akasema bila kuinua kichwa:

"Nilikuogopea, mwanangu."

Nilisimama tu nikiangalia kilemba chake. Alimaliza, akajinyoosha, akanitazama usoni sawasawa, mara ya kwanza tangu hospitali.

"Jumamosi uje," akasema. "Uje mapema, umande ukiwepo. Majani yakiwa na umande yanakatika vizuri. Tutayabeba wote."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Mpaka sasa ninavyoandika sijalia. Sijui nitalia lini, na leo nimeacha kujilazimisha. Nimeshamwambia Deo aniamshe mapema siku hiyo. Wateja wangu mnaosoma hapa mtanisamehe: Jumamosi duka halitafunguliwa. Nina msiba.